Kobe Mbele ya Kamati Teule

Si zamani wala si kale. Ni juzi tu, na wengi wenu mlikuwepo, ila mmeshauriwa kusahau.

Kulikuwa na nchi iitwayo Jamhuri ya Shwari, nchi isiyokuwa na tatizo hata moja lililoandikwa mahali popote. Serikali yake, kwa mapenzi tu, ilikuwa imewanyooshea wananchi kila kitu. Barabara zilinyooshwa kwenye ramani, watoto wa shule walinyooshwa siku za gwaride, na mwishowe yakafikiwa maneno. Chombo cha kunyoosha maneno kiliitwa Mnyooshaji. Kiliwekwa kwenye kila kompyuta na kila simu, bure kabisa, na asiyekitaka alikuwa na uhuru kamili wa kutokuwa na simu.

Mnyooshaji alikuwa na bidii jamani! Ukikosea tahajia, mstari mwekundu. Ukisahau nukta, mstari mwekundu. Ukiandika "foleni ya mafuta ya taa", mstari mwekundu, na pembeni pendekezo: "mkusanyiko wa hiari". Ukiandika "njaa", alikuuliza kwa upole kama hukukusudia kusema "hamu ya kula". Mtu ungetaka nini tena? Kila ulichoandika kilisafiri kwanza hadi jengo moja refu lisilo na madirisha, Nyumba ya Kunyooshea, kikasomwa na watu wenye vyeo, kikaoshwa uso, kikachanwa nywele, ndipo kikarudishwa kwako. Na hakuna mtambo wa kuchapa uliothubutu kuchapa hata kadi ya mchango wa harusi bila Muhuri wa Unyoofu, ambao nao ulitoka kwenye jengo lilelile.

Sasa, Bi Sikudhani Makwega hakuwa mkorofi. Waulizeni wenzake wa ofisini. Alikuwa mhariri katika Wizara ya Maneno na Maji, wizara mbili zilizounganishwa mwaka ule vitu vyote viwili vilipoanza kutoka kwa mgao. Kazi yake ilikuwa kuandaa matangazo kwa umma. Maji yakikatika mtaa mzima yeye huandika kwamba mabomba yamepewa mapumziko, na yakirudi na tope huandika kwamba yamerudi na rutuba. Alikuwa ameizoea kazi hiyo mpaka haimsumbui. Kilichomsumbua kilikuwa nyumbani, kimekaa barazani kwenye kiti cha kamba, kinakohoa.

Huyo ni baba yake, Mzee Makwega, mpima ardhi mstaafu. Macho yalikuwa yamekwisha, masikio mazito, kifua nacho kikimpigia filimbi. Lakini akili! Akili ilikuwa inakata kama wembe. Mzee huyu ndiye aliyepima bonde la Bwawa la Ushindi.

Bwawa la Ushindi mnalijua. Ni fahari ya taifa. Lipo kwenye noti, lipo kwenye wimbo wa shule za msingi, na kila mwaka lina sikukuu yake, Siku ya Bwawa, ambapo ofisi hufungwa na watu husimama kwa heshima. Lina kasoro moja ndogo ya kiufundi, nayo ni kwamba halina maji. Mzee Makwega alipokuwa kijana alilipima bonde lile akasema waziwazi kwamba kijito kinachopita pale hakiwezi kujaza hata pipa. Akashukuriwa kwa mchango wake. Ukuta ukajengwa. Watu wa kijiji cha Mwangaza, kilichokuwa katikati ya bonde, wakahamishwa wasije wakazama, wakapelekwa Kambi ya Muda, na hadi leo wapo hukohuko Kambi ya Muda wanazaa wajukuu. Siku ya ufunguzi maji yalikuwa hayajafika, basi yakatandazwa maturubai ya bluu. Mpaka leo yanatandazwa.

"Nataka niseme yote, mama, nawe uandike," Mzee alimwambia binti yake. "Watu wa Mwangaza warudi kwao. Hakuna maji yaliyowafukuza. Niandikie kitabu, kichapwe, nikishike mkononi. Macho sina, lakini kitabu nitakinusa."

"Baba, kwa nini usipumzike?"

"Nitapumzika sana tu, na hutaniamsha. Andika."

Basi kila jioni akirudi kazini, Sikudhani alikaa karibu na kile kiti, mzee akasema naye akaandika. Sura ya kwanza ilipokamilika Mnyooshaji aliichukua, kama ilivyo kawaida yake, na asubuhi ikarudi imenawa. Pale mzee aliposema "maji hayajawahi kufika" palisomeka "maji hayajawahi kupungua". Pale aliposema watu walilia, palisomeka walilia kwa furaha. Hata jina la kitabu, *Bonde Kavu*, lilikuwa limenyooshwa likawa *Maji Yalivyotii*.

Siku hiyohiyo simu ikalia.

"Shikamoo dada," ilisema sauti laini ya kijana aliyelelewa vizuri. "Napiga kutoka Nyumba ya Kunyooshea. Sura ya kwanza imetugusa sana hapa, mwenzangu mmoja ametoa machozi. Tunasubiri ya pili. Mzee hajambo kifua?"

Sikudhani alijibu kwamba mzee hajambo, akakata simu, akakaa chini sakafuni. Habari ya kifua hakuwahi kuiandika popote.

Tangu siku hiyo akaacha kuandika. Mzee akimwita barazani humwambia kompyuta ina homa, na mzee, ambaye hakuwa mjinga, alikuwa akigeuzia uso upande wa ukuta. Hilo lilimuuma binti kuliko kugombezwa.

Ndipo rafiki yake wa shule akamletea Kobe.

Kobe alikuwa chombo cha kunyoosha maneno kama kile kingine, ila cha ukoo tofauti. Kilikuwa programu huria, maana yake kimetengenezwa na watu wengi wa huku na huko kwa hiari yao, na yeyote anayetaka anaweza kukifungua tumbo akaona utumbo wote ulivyopangwa. Kiliishi ndani ya kompyuta yako na hakikutoka, wala hakikumwachia Mnyooshaji mwanya wa kuchungulia. Ukikosea kinakuonyesha, ukisahihisha kinanyamaza, na habari zako zinabaki humohumo ndani ya gamba. Sikudhani alikijaribu kwa sura ya pili. Kobe akamsahihisha herufi mbili tatu, akamdai nukta, basi. Bwawa likabaki kavu kama lilivyo. Dada wa watu alikaribia kuibusu kompyuta.

Mzee akaitwa barazani, kazi ikarudi, sura zikafuatana. Lakini kitabu bila Muhuri hakichapwi, na Kobe hakuwa na Muhuri, kwa kuwa serikali ilikuwa haijampitisha. Kikabaki humo ndani ya gamba, kizima, kinyoofu, na hakuna anayeweza kukishika.

*

Mungu si Athumani. Mwaka huo wakuu wa nchi jirani walikutana kwenye hoteli nzuri, wakala, wakashiba, wakaazimia kwamba kila nchi ichague chombo huria cha kunyoosha maneno kitakachotunza faragha ya mwananchi. Rais wa Shwari, ambaye hakupenda nchi yake iwe ya pili kwa jambo lolote, akatangaza palepale kwamba Shwari itakuwa ya kwanza. Ikaundwa Kamati Teule. Na kwa kuwa katika wizara nzima mtu pekee aliyewahi kuuliza habari za vyombo hivyo alikuwa Bi Sikudhani, akateuliwa kuwa mjumbe. Nyie, alifurahi! Alikwenda barazani akamwambia baba yake kwamba Kobe akipita kamati, kitabu kitapata Muhuri nyumbani kwao, na hakuna mkono utakaokigusa njiani.

"Kamati ina watu wangapi?" aliuliza mzee.

"Wengi tu, baba. Penye wengi hapaharibiki neno."

Mzee alicheka mpaka akakohoa.

Kamati ilizinduliwa viwanjani. Waziri alihutubia kwa kutumia spika mpya zilizofungwa Mnyooshaji ndani yake, ili hata maneno ya mdomoni yapate huduma sawa na yale ya maandishi. Kwa hiyo Waziri alisema, spika zikatafakari kidogo, ndipo umati ukasikia. Alipopiga chafya, umati ulisikia "Ahsanteni sana". Maikrofoni ilipomdondokea mguuni akatamka neno ambalo mama yake asingelipenda, spika zilitafakari kwa muda mrefu kidogo, kisha zikasema "Nawapenda wote". Watu wakapiga vigelegele. Waziri mwenyewe akashangaa kupendwa kiasi kile.

*

Mwenyekiti wa Kamati alikuwa Mheshimiwa Daktari Injinia Kidunda, mtu mnene mwenye sauti ya kanisani, aliyewahi kuongoza kamati ya kuchagua kamati. Kuume kwake alikaa Brigedia Mstaafu Ndomba wa Jeshi la Majini. Kushoto alikaa Bi Tunu, mwakilishi wa akina mama, ambaye pia ndiye aliyepika chakula cha kamati, jambo ambalo lilitokea kwa bahati tu. Muhtasari wa kikao ulichukuliwa na Mnyooshaji mwenyewe na kuonekana ukutani kwa herufi kubwa, ili kuwe na uwazi.

Sikudhani akafungua kompyuta, akamtambulisha Kobe. Alieleza vizuri, kwa heshima, bila haraka.

"Swali," alisema Brigedia. "Huyu Kobe ni wa nani?"

"Si wa mtu mmoja, Mheshimiwa. Ni wa watu wote."

"Sawasawa. Sasa akikosea, tumkamate nani?"

Brigedia akawaangalia wenzake kama mtu aliyeua nyoka.

"Na mimi nina langu," alisema Bi Tunu. "Umesema hapeleki habari popote. Sasa mwanangu, watu wakiandika huko majumbani halafu hakuna anayesoma, si watajisikia wapweke? Mimi nikiandika kitu, napenda kujua kwamba kuna mtu amekiona."

"Hoja nzito," alisema Mwenyekiti, na ukutani pakaandikwa: *Hoja nzito sana.* "Lakini sisi si watu wa kukataa kitu kabla ya kukionja. Mila na desturi ziko wazi."

Hapa lazima niwaeleze wageni. Katika Shwari hakuna kitu kinachopitishwa bila kuonjwa na wakubwa. Dawa mpya ya hospitali humezwa kwanza na Mganga Mkuu, awe anaumwa asiumwe. Jeneza la serikali, Mkuu wa Wilaya hulala ndani yake kidogo, akafunikwa, akatoka, akasaini. Ni desturi nzuri na imetuepusha na mengi. Basi ikaulizwa: chombo cha kutunza siri kinaonjwaje?

"Kwa siri," alisema Mwenyekiti. "Kila mjumbe atamlisha Kobe siri yake moja ya kweli. Ikivuja, chombo ni kibaya. Isipovuja, tutajadili."

Kikao kilichofuata kila mtu akaja na siri. Sikudhani alileta kasiri kadogo: kwamba utotoni alikuwa akidokoa tende jikoni kabla ya adhana ya magharibi, mwezi mtukufu. Mwenyekiti akamtazama kwa huruma.

"Bi Siku, hiyo si siri, hiyo ni utoto. Tunataka siri inayomnyima mtu usingizi. Kama huna imani na Kobe wako mwenyewe, tumfute hapahapa, tukale."

Harufu ya pilau ya Bi Tunu ilikuwa imeshaingia ukumbini. Sikudhani alijua kwamba akisita tu, Kobe amekwenda na maji, tena maji yenyewe hayapo. Akamfikiria baba yake na mikono yake, jinsi anavyoipapasa hewa akitafuta kikombe. Akakaa kwenye kompyuta, akaandika: *Bwawa la Ushindi halina maji, na halikuwahi kuwa nayo.*

Wenzake nao wakaja mmojammoja, wakaficha kwa mkono kama wanafunzi, wakaandika yao. Kisha wote wakakaa kumtazama Kobe. Kobe akamdai Brigedia nukta moja, akanyamaza. Wakangoja. Hakuna simu iliyolia. Hakuna gari lililosimama nje. Chai ikaletwa, ikanyweka, bado kimya.

"Havuji," alisema Sikudhani, akaanza kuwa na matumaini.

"Au ni bubu," alisema Brigedia. "Tutajuaje kama alichotunza ni siri? Labda tumemlisha makapi."

"Kweli kabisa," alisema Mwenyekiti. "Siri lazima zihakikiwe. Zisomwe kwa sauti mbele ya kikao, wajumbe waridhike kwamba ni siri kweli."

Sikudhani alitaka kusema kwamba siri ikisomwa kikaoni, basi hata Kobe awe wa chuma hawezi kuitunza tena. Aliinua mkono. Mwenyekiti akamwambia aushushe, zamu yake itafika, na kwamba kwa adabu ya uongozi ataanza yeye mwenyewe.

Daktari Injinia Kidunda akasimama. Akarekebisha miwani. Sauti yake ya kanisani haikuwepo tena. Alisoma kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

"Bwawa la Ushindi," alisoma, "halina maji. Niliwahi kusaini kwamba lina samaki."

Ukutani pakaandikwa: *Mwenyekiti ameeleza wingi wa maji na samaki.*

Brigedia naye akasimama, akakaza shingo. "Mimi nimeongoza Jeshi la Majini pale kila Siku ya Bwawa tangu nikiwa Meja. Manowari yetu ina magurudumu. Vijana wanaisukuma chini ya turubai, vumbi linawaua." Akakaa, akajifuta uso na kofia yake.

Bi Tunu hakusimama. "Samaki wa karamu ya Bwawa huwa naagiza kwenye barafu kutoka nje ya nchi," alisema polepole. "Nawapaka tope kidogo ili waonekane wa hapa. Kwetu ni Mwangaza, jamani. Nimezaliwa pale."

Hakuna aliyemwambia Sikudhani asome, lakini alisoma. Sauti ilitoka yenyewe. Na alipomaliza, wakubwa wale wakatazamana kama watu waliokutana mlangoni kwa mganga, kila mmoja akijua mwenzake amefuata nini. Siri ya mtungi aijuaye kata, na pale palikuwa na kata tupu, mezani pote. Kwa kitambo kidogo Sikudhani aliamini kwamba limekwisha. Alimwona baba yake amekishika kitabu. Aliwaona watu wa Mwangaza wanafunga mizigo Kambi ya Muda. Alitamani kuwakumbatia wote, hata Brigedia.

Mwenyekiti akavua miwani, akaipangusa, akaivaa. Sauti ya kanisani ikarudi.

"Waheshimiwa wajumbe. Jambo linalojulikana na mtu mmoja ni siri. Linalojulikana na wote ni habari tu. Tulichokisoma hapa tunakijua wote. Kwa hiyo hakuna siri iliyotolewa, na Kobe hajaonjwa. Nakwenda mbali zaidi: ikiwa sisi, viongozi, tumetafuta siri katika mioyo yetu tukakosa, mwananchi wa kawaida ataitoa wapi? Naona Kamati imegundua kwamba Shwari ni nchi isiyo na siri. Chombo cha kutunza siri kitakaa bure na kitaota kutu."

"Lakini Mwenyekiti!" Sikudhani alisimama. "Sote tumekiri hapa sasa hivi kwamba bwawa..."

"Kikao hufuata muhtasari, Bi Siku," alisema Mwenyekiti kwa upole sana, akaonyesha ukuta. "Soma pale. Nani amekiri nini?"

Alisoma. Ukuta ulikuwa umejaa maji, samaki, manowari na shukrani. Chini kabisa, kwa herufi nzito, palikuwa na jina lake: *Bi Sikudhani ameunga mkono.*

"Funika kombe mwanaharamu apite," alinong'ona Bi Tunu, akimpita na sinia. "Kula, mwanangu. Njaa haina kesi."

Sikudhani hakula. Alikaa pale mpaka viti vikakusanywa, naye akaombwa apishe kiti. Kobe akapigwa marufuku, na kila mwenye naye akapewa muda wa kumfuta kwa hiari. Kamati ikapongezwa kwa kumaliza kazi mapema, na Mnyooshaji akaongezewa spika.

*

Alipofika nyumbani mzee alikuwa kitini, uso umeelekea mlangoni. Kifua kilikuwa kimezidi. Mganga wa zahanati alikuwa amepita, akaacha vidonge na ile sura wanayoivaa waganga wakikosa la kusema.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Wamempitisha?"

Angesema nini? Mwambieni nyinyi mlio mashujaa. Angemwambia kwamba wote wanajua, na kwamba kujua kwao hakuna kazi? Aliiangalia mikono ile ikisubiri juu ya magoti, imefunguliwa, kama vile kitabu kitawekwa sasa hivi.

"Wamempitisha, baba."

Machozi yalimtoka mzee, akayaacha.

Asubuhi Sikudhani alifanya jambo ambalo aliapa hatalifanya. Alimpa Mnyooshaji sura zote. Kisha akamfuta Kobe, kwa hiari, kama ilivyoamriwa, huku mtu wa serikali ya mtaa akiwa amesimama nyuma ya kiti chake akishuhudia hiari hiyo. Kitabu kilirudi upesi ajabu: jalada gumu, karatasi nzito, Muhuri wa dhahabu, na mbele picha ya mawimbi. *Maji Yalivyotii*, kilichoandikwa na Mzee Makwega, Mpima Bahari.

Mzee alikishika. Alikipapasa pembe zote, akakifungua, akakitia pua katikati, akavuta harufu mpaka kifua kikapiga filimbi.

"Nisomee bonde," alisema.

Sikudhani akafungua ukurasa uliosema maji hayajawahi kupungua. Akautazama, akafumba macho, akasoma yale mengine, ya barazani, aliyokuwa ameyashika kichwani neno kwa neno. Hakuna maji yaliyofika. Watu walilia. Bibi mmoja alichota udongo wa mlangoni kwake akaufunga kwenye kanga. Alisoma na kufunua kurasa kwa wakati wake, ili mzee asikie karatasi.

"Ndivyo," mzee alikuwa akiitikia. "Ndivyo hasa. Serikali hii tumeilaumu bure, mama."

*

Wema nao una gharama zake. Kitabu kiliwapendeza wakubwa kupita kiasi, na Siku ya Bwawa ilipokaribia wakaagiza mwandishi aletwe avishwe nishani. Sikudhani alisema mzee mgonjwa. Wakaleta gari la wagonjwa. Alisema mzee hasikii vizuri. Wakasema haina haja asikie, atasikika. Mzee mwenyewe alikuwa ameshavaa kanzu na koti, anauliza kofia yake iko wapi.

Wakaketishwa jukwaani juu ya ukuta wa bwawa, nyuma ya spika. Mbele yao, chini, bonde zima lilikuwa turubai la bluu, na chini ya turubai manowari ikitembea kwa kukohoa. Ng'ambo walipangwa watu wa Mwangaza, wazee na wajukuu, walioletwa na malori kutoka Kambi ya Muda kuja kushangilia maji yaliyowahamisha. Mwenyekiti Kidunda alikuwepo. Brigedia alikuwepo. Bi Tunu alikuwepo na samaki wake.

Mzee akavishwa nishani na kupewa maikrofoni. Sikudhani alimshika kiwiko, akataka kumvuta kidogo, kumnong'oneza kitu, lolote. Mzee alikuwa amenyooka kuliko alivyomwona miaka mingi.

"Ndugu zangu," alisema Mzee Makwega. "Mimi ndiye niliyelipima bonde hili. Naishukuru serikali kwa ujasiri wake wa kukubali ukweli. Hapa hakuna maji. Hayakuwahi kuwepo. Watu wa Mwangaza, tuliwaondoa kwenu bure. Rudini nyumbani."

Jukwaani walimsikia, kwa mdomo wake mwenyewe. Mwenyekiti akatazama viatu vyake. Brigedia akafumba macho. Bi Tunu akajishika kifua, akafungua mdomo, akaufunga.

Spika zikatafakari.

Kisha zikanguruma bondeni kwa sauti nzuri ya mzee, sauti ya mtu mwenye afya: "Ndugu zangu! Naishukuru serikali! Hapa hakuna ukame. Haukuwahi kuwepo. Watu wa Mwangaza, tuliwapenda bure. Shangilieni!"

Na watu wa Mwangaza, wakiwa na askari nyuma yao na jua la utosi juu yao, wakashangilia. Vigelegele vikapanda ukutani. Jukwaani, kwa kuwa kule chini wanapiga makofi, Mwenyekiti akapiga makofi, Brigedia akapiga makofi, Bi Tunu akapiga makofi huku akilia. Sikudhani alikuwa ameshika fimbo ya baba yake mkono mmoja. Akaiegemeza kwenye kiti, akapiga makofi na yeye.

Mzee alikuwa amegeuza lile sikio lake lenye nafuu kuelekea bondeni. Makofi yalimfikia hafifu, lakini yalimfikia. Alimtafuta binti yake kwa mkono, akampata begani.

"Umesikia, mama?" alisema. "Wamekubali. Kumbe walikuwa wanajua!"

"Walikuwa wanajua siku zote, baba," alisema Sikudhani, akamvika kofia yake, akamkalisha.